Slaidi Zijitengeneze, Hesabu Ibaki Yetu



Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu walisema hivyo kabla kompyuta haijafika katika nchi hii, na neno hilo halijachakaa hata leo. Ila siku hizi daftari limepata mdogo wake aitwaye slaidi. Mapato na matumizi, samaki walioshushwa mwaloni, watoto walioandikishwa shule, yote huonyeshwa ukutani kwa projekta. Wajumbe hutazama, hupiga makofi, kisha huenda zao.

Nauliza swali moja tu: ile namba iliyoko ukutani imetoka wapi?

Aghalabu imetoka mkononi mwa karani. Amefungua jedwali, ameisoma namba, ameinakili katika slaidi. Tena kazi hiyo ameifanya usiku, maana mkutano ni kesho asubuhi. Basi tufanye hesabu ndogo. Jiji letu la Mwanza, yaani Wilaya ya Nyamagana, lina kata 18, na Mkuyuni yetu ni mojawapo. Tuseme kila kata yatakiwa slaidi 10 kila robo mwaka, na kila slaidi ina namba 5. Hizo ni namba 900 za kunakiliwa kwa mkono katika kila robo, na namba 3,600 kwa mwaka. Ni mwanadamu gani atakayenakili namba 3,600 asikosee hata moja? Na akikosea, au akiamriwa akosee, nani atajua?

Nasema kazi hiyo si lazima ifanywe kwa mkono. Sikilizeni jinsi ilivyo.

Tangu toleo la 2007, faili la PowerPoint ni furushi lililobanwa tu. Ukilifungua utakuta ndani yake maandishi yaliyopangwa kwa kanuni, na kanuni hizo zilitangazwa hadharani mwaka 2006. Kwa hiyo programu yoyote inayozifuata yaweza kuandika slaidi bila mtu kugusa kipanya. Iko lugha ya programu iitwayo Python, na iko maktaba yake iitwayo python-pptx, iliyoanzishwa na Steve Canny. Zote mbili hutolewa bure, na zikisha kuwekwa katika kompyuta hazidai hata intaneti.

Kijana huandaa kiolezo kimoja chenye nafasi ya kichwa, ya jedwali na ya grafu. Halafu huandika msimbo, yaani amri za kuiambia kompyuta la kufanya: fungua jedwali, chukua mstari wa Mkuyuni, weka jina hapa, namba pale, chora grafu, kisha nenda mstari wa Butimba ufanye vivyo hivyo. Kata zote 18 humalizika kabla chai haijapoa. Namba ikisahihishwa katika jedwali, msimbo huendeshwa tena, na slaidi mpya hutoka zikiwa na namba iliyosahihishwa. Hakuna mkono uliopita katikati.

Wako watakaosema kwamba huo ni mchezo wa wasomi, wala haumhusu mvuvi na mama muuza dagaa. Sivyo hata kidogo! Sisi watu wa Ziwa hatuhitaji kufundishwa ubaya wa kipimo kisichokaguliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamikia mizani ya wanunuzi. Pamba ilikuwa yao, jasho lilikuwa lao, lakini mizani ilikuwa mkononi mwa mwingine. Je, walisema mizani itupwe ziwani? La. Walitaka wapimaji wao wenyewe, wakajiunga katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake hapa hapa Mwanza, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele. Walitufundisha kwamba dawa ya kipimo kibaya si kukivunja, bali ni kukishika wenyewe na kukikagua.

Na slaidi ni mizani. Fungu la kata hugawanywa kwa namba zinazoonyeshwa pale ukutani. Namba ikipunjwa, kisima kimepunjwa, na darasa limepunjwa.

Nchi yetu imekwisha kuonja uchungu wa mtambo usio na mwenyewe. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye hesabu za Serikali zilizotiwa katika mtambo zikavurugika, na kazi hiyo ilikuwa imetegemea mno wataalamu wa kigeni. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo iliondolewa, lakini miaka ilikwisha kupotea. Kosa halikuwa la chuma. Chuma hakina nia. Kosa lilikuwa kutegemea kitu ambacho wenyewe hatukukijua.

Basi tusilirudie. Ofisi ikimlipa mshauri kutoka mbali aje na programu iliyofungwa, ambayo makarani hawawezi kuisoma wala kuirekebisha, tutakuwa tumenunua mizani ya mwenzetu kwa mara ya pili. Siku atakayoondoka, slaidi zitaondoka naye. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Lakini pia tusidanganyane kwamba msimbo ni malaika. Ukiulisha mtambo namba za uongo, utatoa slaidi za uongo zilizopambwa vizuri. Tena karani akikosea mstari mmoja, amekosea kata moja. Msimbo ukikosea mstari mmoja, umezikosea kata zote 18. Na slaidi yenyewe, hata ikiwa na namba za kweli, yaweza kuficha. Mwaka 2003 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia kiliangamia pamoja na watu wote 7 waliokuwamo. Bodi iliyochunguza ajali hiyo ililaumu, pamoja na mambo mengine, desturi ya kueleza mambo mazito ya uhandisi kwa slaidi badala ya ripoti kamili. Habari ya hatari ilikuwamo katika slaidi, lakini imezikwa katika mistari ya chini. Ikiwa mabingwa wa anga walipitwa, sisi wa kikao cha kata tujihadhari mara mbili.

Sasa imezuka pia mitambo ya akili mnemba, ambayo ukiiambia neno moja hukutungia slaidi nzima. Tuitenganishe na hii ninayoisifu. Msimbo wa kijana wetu huhamisha namba kutoka daftarini hadi ukutani, na waweza kuufuata hatua kwa hatua. Ile nyingine yaweza kutunga namba ambayo haimo katika daftari lolote. Kwa hadithi yafaa. Kwa fedha za wananchi haifai bila kukaguliwa.

Yatupasa kudai mambo manne. Kwanza, kila namba iliyo ukutani ionyeshe chini yake imetoka daftari lipi na tarehe gani. Msimbo huweza kuandika hayo bila kuchoka. Pili, msimbo uwekwe wazi, na mtu zaidi ya mmoja ofisini aweze kuuendesha, ili asiwepo bwana mmoja mwenye ufunguo. Tatu, slaidi ziwe za Kiswahili. Hatuna udhuru: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ikiwa programu nzima iliweza kusema Kiswahili, yashindwaje slaidi moja? Nne, kabla ya mkutano, mjumbe achague namba tatu za bahati, na karani azifuate mbele ya watu mpaka kwenye daftari.

Najua wako makarani watakaoogopa kwamba mtambo utawanyang'anya kazi. Ndugu zangu, kunakili hakukuwa kazi yenu. Kulikuwa mzigo wenu. Karani aliyeokolewa usiku mmoja na aende mwaloni alfajiri, ahakikishe pamoja na wenzake wa BMU kwamba sangara na dagaa walioandikwa ndio walioshushwa. Na aende shuleni ahesabu madawati kwa macho yake. Hakuna msimbo utakaomfanyia kazi hiyo.

Nanyi vijana wa Mkuyuni mnaojua kompyuta, msikae mkingoja kuajiriwa na jiji la mbali. Anzeni na jedwali la ushirika wa mama zenu, au la timu ya mpira. Andikeni msimbo, wafundisheni wenzenu wawili, nao wafundishe wanne. Wakulima wa pamba hawakungoja kuletewa mpimaji mwaminifu. Walimtoa miongoni mwao.

Haya, kazi kwenu. Na siku ya mkutano, namba itakapotokea ukutani, asiwepo mtu wa kupiga makofi kabla ya kuuliza imetoka wapi.