Alikimbia nyumba yake, kisha akaomba kura

Jina la Brianna Wu halijulikani sana huku kwetu Kivu. Ni mama Mmarekani, mtengenezaji wa michezo ya video. Mwaka 2014 kampuni yake, Giant Spacekat, ilitoa mchezo wa simu unaoitwa Revolution 60, ambao mashujaa wake ni wanawake. Mwaka huohuo watu waliochukia kuona wanawake wakipaza sauti katika kazi hiyo walimwandama kwenye intaneti. Yeye akawacheka waziwazi. Mwezi wa 10, mtu akaandika kwenye Twitter anwani ya nyumba yake pamoja na vitisho vya kumuua. Yeye na mume wake wakaacha nyumba.

Najua, vitisho vya kwenye simu si sawa na mabomu, na yeye hakutoka Sake kwa miguu na godoro kichwani. Kilichonigusa ni alichofanya baadaye. Alilalamika kwamba polisi na sheria haviwalindi wanaotishwa namna hiyo, basi akaamua kwenda pale sheria zinapotungwa. Mwaka 2018 aliomba chama cha Democratic kimteue kugombea ubunge huko Massachusetts, dhidi ya Stephen Lynch, aliyekuwa bungeni tangu 2001. Alishindwa, akapata karibu kura 23 kwa kila 100. Lakini jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya kura.

Bunge lile si la mbali kama tunavyofikiri. Ndani ya simu mna tantalamu, inayotokana na koltani, na koltani inachimbwa kwetu Rubaya, Masisi. Mwaka 2010 wabunge wa Marekani walipitisha sheria juu ya madini ya vita, ile ambayo huku tunaiita "loi Obama". Wanunuzi wengi waliogopa, na wachimbaji wadogo wakakosa kazi. Nani wa Rubaya aliulizwa?

Tuseme Washington si kwetu. Je, Kinshasa? Mwaka huohuo wa 2018, Beni na Butembo waliambiwa wangoje kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Walipiga kura mwezi wa 3 mwaka 2019, rais akiwa ameshaapishwa tangu mwezi wa 1. Kisha mwezi wa 12 mwaka 2023 uchaguzi haukufanyika Masisi na Rutshuru, sababu ni vita. Yaani mahali penye wakimbizi wengi ndipo watu walikosa kuchagua mbunge. Mimi naona hilo ni kufukuzwa mara ya pili, na hii ya pili haina hata kelele ya bunduki.

CENI ingeweza kuandikisha wakimbizi pale walipo, kwa ajili ya viti vya kwao walikotoka. Ni kazi ngumu, hasa baada ya kambi za pembeni ya Goma kuvunjwa mwaka 2025 na familia kutawanyika. Ngumu, ndiyo, lakini tusiambiwe haiwezekani. Na vyama visijifiche: sheria ya uchaguzi ya 2022 inaondoa malipo ya dhamana kwa orodha yenye nusu ya wanawake. Wakija siku moja kuomba kura, mama zangu, waulizeni kwanza: kwenye orodha yenu ya Masisi, ni mama gani aliyelala kambini?