Kompyuta Haifunzwi kwa Ghibu

Nilipokuwa chuoni, mwalimu hakunifunza hati kwa maneno matupu. Alinipa ubao na kalamu. Nikaandika, akasahihisha, nikafuta, nikaandika tena. Basi kwa nini kijana wa uhandisi afunzwe programu za kompyuta kwa kunakili maelezo na kuyahifadhi mpaka siku ya mtihani?

Elimu hii si ngeni kwetu. Neno algorithimu latokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, na kitabu chake cha aljebra kimejaa masuala ya mirathi na biashara. Naye alifunza kwa mifano ya maisha.

Lipo zoezi mashuhuri la kuifunza mashine: mwanafunzi hupewa picha 60,000 za tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, aifunze kompyuta kuzitambua, kisha huijaribu kwa nyingine 10,000 ambazo haijapata kuziona. Hapo hubainika iwapo imefahamu au imeghibu tu.

Na wahandisi wetu tuwapime vivyo hivyo, kwa kazi wasiyopata kuiona. Wakuu wa vyuo, wapeni vijana saa za kutenda, wakosee na wasahihishwe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.