Nani Alipie Subira ya Mvuvi wa Mafia?

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 uliweka kiwango cha chini cha mahitaji ya msingi Tanzania Bara kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kati ya hizo, shilingi 33,748 ni za chakula peke yake. Zinazobaki ni shilingi 15,572, takribani shilingi 519 kwa siku, na humo zitoke sabuni, nguo, dawa, nauli, daftari la mtoto na mchango wa msiba wa jirani. Asilimia 26.4 ya wananchi walikuwa chini hata ya kiwango hicho. Bei zimepanda tangu wakati ule, lakini mgawanyo wenyewe bado una somo: theluthi mbili ya fedha ya mwenye kipato cha chini imekwisha kuamuliwa na tumbo kabla yeye hajaamua lolote. Mambo mengine yote ya maisha yake yanagombania ile theluthi iliyobaki.

Hesabu hiyo ni ngumu popote. Kisiwani Mafia huwa ngumu zaidi. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta wilaya hii ya mkoa wa Pwani ikiwa na watu zaidi ya 66,000, wengi wao wakitegemea bahari, minazi na mashamba madogo. Unga, sukari, saruji na mafuta huvushwa kutoka bara, na gharama ya kuvusha huongezwa kwenye bei ya dukani. Samaki wazuri na pweza nao huvuka kwenda upande wa pili, na gharama ya safari hiyo hukatwa kwenye bei anayolipwa mvuvi. Mkazi wa Mafia hukatwa akinunua, na hukatwa tena akiuza.

Juu ya hayo, Mafia imebebeshwa dhamana ambayo wilaya nyingi hazina. Mwaka 1995, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, ilitangazwa hapa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, yenye eneo la kilometa za mraba 822. Ndani ya mipaka yake wanaishi watu wa Chole, Juani, Jibondo, Utende na vijiji vingine. Ziko sehemu zisizovuliwa kabisa, na ziko zinazoruhusu mitego ya aina fulani tu. Lengo ni jema na silipingi: miamba ya matumbawe ikipona, samaki watazaana na watoto wetu watakuta bahari yenye uhai. Swali langu ni moja. Tunapomwambia mwenye kipato cha chini aache samaki wa leo ili apate samaki wa mwakani, nani anazilipia siku za katikati?

Hesabu inayofanyika alfajiri

Watu wa ofisini wana mazoea ya kusema kwamba mvuvi maskini haoni mbali. Ningeomba wamsikilize anavyopiga hesabu zake kabla hawajamhukumu.

Mtazame mwanamke anayechokoa pweza. Hawezi kwenda mwambani kila siku. Husubiri bamvua, maji yanapokupwa sana na miamba kuwa wazi. Maji mafu yakiingia, mwamba unafunikwa na kipato chake kinasimama. Kwa hiyo siku chache za bamvua lazima zilishe siku nyingi za maji mafu. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinamkataza kuvua pweza wa chini ya gramu 500. Akimkuta mdogo shimoni, afanye nini? Anajua vizuri kuliko mimi kwamba pweza hukua upesi, na kwamba akiachwa miezi michache uzito wake huongezeka mara kadhaa. Lakini anajua pia kwamba nyuma yake anakuja mwingine mwenye watoto kama yeye. Akimwacha, amemwachia huyo. Subira ya mtu mmoja kwenye mwamba wa watu wote haimhifadhi pweza. Inambadilishia tu mwenye kumla.

Mtazame mwenye minazi. Dafu ni fedha ya leo. Nazi iliyokomaa itachukua miezi mingine mnazini, na inaweza kuibwa kabla haijaangushwa. Mtoto akiwa na homa, mwenye minazi hataliuliza soko kuhusu bei ya nazi ya msimu ujao. Ataangua madafu.

Mtazame pia kijana asiye na chombo. Anavua kwa chombo na nyavu za tajiri, na tajiri huyo ndiye aliyemkopesha unga kipindi cha kusi, bahari ilipochafuka. Samaki wakipatikana, hulazimika kumuuzia yeye, kwa bei anayoipanga yeye. Kwa nje unaonekana unyonyaji, na kwa kiasi kikubwa ndivyo ulivyo. Lakini tajiri ndiye mtu pekee anayefungua mlango saa nne ya usiku mgonjwa anapohitaji kusafirishwa. Kijana ananunua bima, ila anailipa kwa kila kilo ya samaki anayoivua.

Bima rasmi nayo haikukosekana. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulipangwa kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, yaani shilingi 5,000 kwa kichwa. Kwa hesabu ya mwaka ilikuwa nafuu kubwa. Ugumu ulikuwa kwenye namna ya kuilipa: zilitakiwa fedha zote kwa mkupuo, kabla hajaumwa mtu, kutoka kwa kaya inayonunua mafuta ya kula kwa kipimo na sukari kwa robo. Ndivyo umaskini unavyokuwa ghali. Mwenye fedha hununua kwa jumla na kulipa kidogo. Asiyenazo hununua kidogo kidogo na mwisho wa mwezi amelipa zaidi.

Elimu imepata nafuu ya kweli tangu ada ilipofutwa hadi kidato cha nne, Januari 2016. Hata hivyo sare, viatu, madaftari na michango ya chakula vimebaki, na kijana wa miaka 15 ana thamani nyingine kwa familia: anaweza kwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, na wavuvi na kurudi na fedha. Mzazi anayemruhusu hajadharau shule. Amelinganisha cheti cha miaka ijayo na deni la wiki hii, na deni ndilo linalogonga mlango.

Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanyika kwa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Wakulima wale wale walipewa majaribio ya akili kabla ya mavuno, mifuko ikiwa mitupu, na baada ya mavuno, fedha zikiwa zimeingia. Baada ya mavuno walifanya vizuri zaidi. Akili zao zilikuwa zile zile; kilichobadilika ni mzigo wa mawazo. Mtu wa Mafia anayeuza nyavu nzuri ili kulipa deni huenda anajua hasara yake barabara, ila nafasi ya kuwaza zaidi ya deni lile hana.

Haki ya upande wa pili

Hoja ya wahifadhi ina uzito na lazima ielezwe kwa ukamilifu. Juya, wavu wa kukokota, likiburutwa huharibu majani ya bahari na kuzoa samaki wachanga. Baruti huvunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kujengeka. Hasara hiyo haimwendei tajiri wa mjini kwanza; inamwendea mvuvi wa mshipi na wa dema, maskini mwenzake, anayefika kesho yake akakuta mwamba umekufa. Kumwachia kila mtu afanye atakavyo kwa jina la huruma ni kumwonea huyo aliyejizuia.

Lakini hapo ndipo tunapogundua kwamba maskini wa Mafia si mtu mmoja. Juya huhitaji mikono mingi, kwa hiyo limekuwa kimbilio la vijana wasio na chombo wala mtaji. Ukilipiga marufuku, mwenye mashua yake na jarife atafaidika; kijana aliyekuwa akipata mgao wake wa mwisho ufukweni ataondoka mikono mitupu. Katazo ni sahihi. Lililo kosa ni kuiweka gharama yake yote kwenye bega la aliye chini kabisa.

Kuna dhuluma nyingine inayosahaulika. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi na matumbawe ya Mafia, ukiwemo mwamba wa Kitutia, yalipauka na kufa kwa wingi. Hakuna juya lililofanya hivyo. Joto la dunia linatengenezwa zaidi na viwanda na magari ya nchi za mbali, lakini wanaotakiwa kujinyima ili miamba ipone ni watu wa Jibondo na Juani. Fedha za maendeleo ya kisiwa nazo zimekuwa na mwelekeo wake. Njia ya kurukia ndege ya Mafia ilitiwa lami kwa msaada wa Marekani na kukamilika mwaka 2013. Kivuko cha MV Kilindoni, kinachowavusha wananchi kati ya Kilindoni na Nyamisati, kilikuja miaka kadhaa baadaye. Siwaonei wivu wageni wanaokuja kumwona papa potwe, kisiwa kinawahitaji. Nasema tu kwamba mgeni alipata njia iliyo salama kabla ya mama mjamzito.

Subira inayowezekana

Je, mwenye kipato cha chini anaweza kusubiri? Anaweza, tena ushahidi upo. Mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagascar, walikubaliana kufunga eneo la pweza kwa miezi saba. Lilipofunguliwa walipata pweza wakubwa zaidi, na vijiji vingine vikaiga. Utaratibu huo umefika kwetu: Kisiwa Panza huko Pemba, na Songosongo wilayani Kilwa, jirani kabisa na Mafia.

Tuangalie kwa nini watu hawa waliweza. Eneo lililofungwa lilikuwa sehemu tu ya miamba, kwa hiyo watu walibaki na pa kuvua. Muda ulihesabika kwa miezi, na siku ya kufungua ilijulikana. Kijiji chenyewe ndicho kilichoamua na kulinda. Na zaidi ya yote, aliyejinyima ndiye aliyevuna. Mwanamke wa huko, aliye kama yule wetu wa bamvua, alihakikishiwa kwamba pweza anayemwacha leo hatachukuliwa kesho na mwingine. Subira huvuta heri pale tu heri inaporudi kwa aliyesubiri.

Naamini kanuni hiyo inafaa kwa mambo mengi kuliko pweza. Ruzuku ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambayo Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulipanga kuitoa kila baada ya miezi miwili, ingekuwa na nguvu maradufu kisiwani kama ingepangwa kufika kipindi cha kusi na wakati miamba imefungwa, na kama mlengwa angeijua tarehe yake mapema. Shilingi inayokuja siku inayojulikana humwepusha mtu na mkopo wa tajiri. Ile ile ikija bila taarifa hukuta deni limekwisha kuzaa. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ianze na wale waliopoteza juya, na masharti yake yafuate msimu wa bahari badala ya kudai marejesho sawa kila mwezi. Hifadhi iliwahi kubadilishana nyavu na wavuvi, ikichukua haramu na kuwapa halali. Mpango wa namna hiyo unapaswa kuwa sehemu ya kudumu ya kila katazo. Na sehemu ya viingilio vya watalii inayorudi vijijini isomwe hadharani, kwenye mkutano wa kijiji, shilingi kwa shilingi, ili anayelinda mwamba aone mwamba unavyomlinda.

Najua serikali itasema fedha hazitoshi. Ni kweli, na maskini ndiye wa mwisho wa kuambiwa maana ya fedha kutotosha. Lakini gharama ya subira haipotei kwa kuwa serikali haikuitenga. Huhamia nyumbani kwa mvuvi, ikalipwa na mlo uliorukwa, na binti aliyeachishwa masomo, na dawa isiyonunuliwa, kisha ikairudia bahari yenyewe usiku, kwa njia ya nyavu zilizofichwa. Doria na mafuta ya boti za kumfukuza mvuvi huyo navyo vinalipwa na serikali ile ile.

Ombi langu kwa wizara, hifadhi, halmashauri na wafadhili ni hili. Kila katazo jipya la uvuvi litakaloletwa Mafia liambatane na ukurasa mmoja unaojibu maswali manne: nani atapoteza kipato, kiasi gani, kwa muda gani, na nani atamfidia katika muda huo. Ukurasa huo usomwe Jibondo, Juani na Kilindoni mbele ya wanaohusika, nao wausahihishe. Kama jibu la swali la nne halipo, katazo lisianze kutekelezwa mpaka lipatikane.