Mgeni wa Meru na Kahawa ya Meru

Tangu General Tyre ilipoacha kutengeneza matairi mwaka 2009, na mitambo ya nguo ya Kiltex iliponyamaza kabla yake, wengi wetu Arusha tumemtaraji mgeni ashukaye uwanja wa ndege wa Kilimanjaro arejeshe riziki zote zilizotoweka. Mlimani Meru nako, mibuni iliyosomesha watoto wa Wameru na Waarusha ilipoteza thamani baada ya mapatano ya dunia ya kahawa kuvunjika mwaka 1989, na wengine wakaing'oa.

Siupingi utalii. Ng'iresi, sehemu ya ada ya wageni imesaidia shule ya kijiji, na hiyo ni kheri dhahiri. Lakini mwaka 2020, korona ilipofunga anga, wageni wa Tanzania walishuka kutoka takriban milioni moja na nusu hadi laki sita na ushei. Na hapo mpagazi wa Momella, lango la kupandia mlima, aliyekuwa hana ila mizigo ya wageni alidhikika, ilhali jirani yake mwenye migomba na ng'ombe wa maziwa hakukosa la kutia chunguni.

Kwa hiyo naamini utalii utaufaa mlima huu pale tu utakapoegemea kazi ya mikono iliyopo. Mulala, juu ya Usa River, akina mama wa kikundi cha Agape hutengeneza jibini kwa maziwa ya ng'ombe wao, kazi yenye mnunuzi hata siku asipopanda mgeni. Tengeru, mgeni huzitwanga buni kinuni na kuzipepeta kwa ungo, akazikaanga juu ya kuni na kuzitwanga tena, kisha akanywa kikombe ambacho hajapata kuonja mfano wake. Na jioni, katika baadhi ya hoteli za mjini, huwekewa kahawa ya kopo! Hilo lanihuzunisha sana.

Wameru, waliomtuma mwenzao Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kudai ardhi ya Engare Nanyuki, wanajua uchungu wa ardhi iliyotoka mikononi. Basi wasiuze kihamba, shamba la ukoo, ili pajengwe nyumba ya wageni watakayoajiriwa kufagia.

Nawasihi wenye hoteli wanunue kahawa, jibini na mboga za Meru kwa mkataba wa mwaka mzima, na Halmashauri ya Meru imuulize kila aombaye kibali cha kujenga hoteli: atanunua nini kijijini, na kwa nani?