Kamera Isiwe Shahidi wa Uongo

Mvua ya alasiri, ambayo watu wa Kisii na Nyamira hawahitaji kuelezwa habari zake, imenifungia nyumbani majuma haya mawili, na kijana mmoja wa jirani akanionea huruma akaniletea flashi iliyojaa filamu. Nilizitazama zote bila kuchagua. Zilikuwa tisa. Sita kati yake zilikuwa na mchawi, na katika sita hizo, tano zilimwonyesha mchawi huyo kuwa mwanamke mzee anayeishi peke yake. Mimi si mhakiki wa sanaa wala sijasomea uigizaji, lakini mtazamaji naye ana haki ya kusema lake, hasa mtazamaji anayeishi katika nchi hii ya Abagusii ambako neno mchawi, au omorogi kwa lugha yetu, si neno la mchezo.

Nianze na zile zilizonifurahisha, maana sitaki nionekane mtu wa kulalamika tu. Katika flashi ile mlikuwa na Living in Bondage, kanda ya mwaka 1992 iliyotayarishwa na Kenneth Nnebue, ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyofungua mlango wa biashara ya filamu za Nijeria. Picha zake zimechakaa na mazungumzo ni ya Kiigbo, lakini bado inamshika mtu. Mume mwenye tamaa anaingia katika kundi la siri, anamtoa mkewe kafara ili apate utajiri, kisha mzimu wa mke huyo unamwandama hadi akili inamruka. Hebu tazama ni nani mwovu katika kisa hiki. Si bibi kizee wa kijijini. Ni mwanamume kijana wa mjini, mwenye suti nzuri na haraka ya kutajirika. Filamu za Tanzania za Mussa Banzi, Nsyuka na Shumileta, nazo zilinitisha barabara, na sikuona ubaya wake, kwa kuwa mizuka yake ni mizuka kweli. Haifanani na jirani ya mtu yeyote.

Taabu ni waigaji waliofuata. Kuonyesha tamaa ya binadamu ni kazi ngumu inayohitaji mwandishi mwenye akili na mwigizaji hodari. Kuonyesha kizee mwenye macho mekundu na kibuyu mkononi hakuhitaji lolote ila rangi ya usoni. Basi wakachagua njia hiyo ya mkato, na filamu moja ikazaa ya pili, na ya pili ikazaa ya mia. Wengi wetu tulizizoea sebuleni kupitia Afrosinema ya runinga ya Citizen, na sasa vijana wetu wanazipata katika simu zao wakiwa kitandani.

Jumamosi moja nilikwenda kuona jinsi filamu hizo zinavyopokelewa, katika kibanda kimoja karibu na soko la Daraja Mbili. Vibanda vya namna hiyo vimepungua, kwa kuwa simu imevinyang'anya wateja, lakini hicho kilikuwa kimejaa. Filamu ilikuwa imetiwa sauti ya msimulizi wa Kiswahili, kwa mtindo ule uliompa DJ Afro jina kote nchini. Mimi nilikuwa nimekwisha kuitazama filamu hiyo hiyo kwa Kiingereza chake cha asili, na ninajua kwamba nusu yake ya kwanza inamwacha mtazamaji gizani: hajui kama yule mama ana hatia au hana. Msimulizi wetu hakuwa na subira hiyo. Mama alipotoka tu nje na ufagio wake, msimulizi alibana pua, akaigiza sauti ya kizee, akamwita mchawi. Mama alikuwa bado anafagia uwanja wakati vijana wawili wa benchi la mbele walipopaza sauti: "Choma!"

Watu walicheka. Nami nilijua kwamba walikuwa wanacheka filamu tu. Lakini neno lile, likitamkwa Kisii, lina historia yake. Mwezi wa Mei mwaka 2008 watu 11, wengi wao wanawake na wote wazee, waliteketezwa kwa moto katika vijiji vya Kisii kwa kudaiwa kuwa wachawi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani kwa madai hayo hayo. Kati ya miaka hiyo miwili na baadaye kumekuwa na vifo vingine ambavyo havikupata nafasi magazetini ila aya moja ya ukurasa wa ndani.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba wazee walituhumiwa hapa kabla ya runinga kuingia Kenya, na kwamba Sheria ya Uchawi tuliyo nayo ni ya mwaka 1925, wakati ambapo hakuna aliyejua Nijeria wala sinema yake. Ni kweli kabisa. Tena sheria hiyo, kwa wasioijua, haimlengi mganga na mrogaji peke yao. Kumtuhumu mtu kwa uchawi nje ya njia za kumfikishia habari afisa wa serikali nako ni kosa. Sidai kwamba filamu ndiyo iliyowasha kiberiti. Ninachodai ni kingine.

Uchawi, kwa asili yake, ni jambo lisiloonekana. Hakuna jirani aliyepata kumwona jirani yake akiruka angani usiku au akila nyama ya mtoto. Kila tuhuma, ikichunguzwa, huanzia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Shaka hiyo, ndogo ilivyo, ndiyo iliyokuwa kinga pekee ya mzee asiye na watoto wa kumtetea. Filamu inapokuja inaiondoa. Inatuonyesha, kwa taa na rangi na muziki wa kutisha, kile ambacho hakuna aliyekiona: bibi anageuka bundi mbele ya macho yetu, anaingia dirishani, mtoto anaugua. Kamera imekuwa shahidi. Tena ni shahidi asiyehojiwa na mtu yeyote, kwa maana mwelekezi alikuwa amekwisha kuamua hukumu kabla ya kuwasha taa. Mtazamaji aliyemwona bundi huyo mara mia hatapata taabu kumwona mara ya mia na moja, nyuma ya nyumba ya jirani yake.

Na hapa ninakumbuka kwa heshima kipindi chetu cha zamani, Vioja Mahakamani, kilichotuchekesha tangu enzi za Sauti ya Kenya. Kilikuwa mzaha mtupu, mashahidi walisema uongo na washtakiwa walibwabwaja Kiswahili cha kila namna. Lakini mle ndani mtu alisomewa shtaka lake, akaulizwa kama ni kweli au si kweli, na aliyemshtaki akatakiwa kuleta ushahidi. Katika filamu sita nilizozitaja sikuona hata moja ambamo mzee aliulizwa swali. Aliombewa, akakiri, akaungua.

Nijeria kwenyewe wameyaona matokeo. Mwaka 1999 ilitolewa filamu iitwayo End of the Wicked, iliyotoka mikononi mwa kanisa moja la huko, ikiwaonyesha watoto wadogo wakiingizwa katika uchawi na kuwadhuru wazazi wao. Wakosoaji wengi wameihusisha na wimbi la kuwatesa na kuwafukuza watoto katika jimbo la Akwa Ibom, mateso yaliyoonyeshwa ulimwengu mwaka 2008 katika filamu ya habari ya runinga ya Uingereza. Mwaka huo huo jimbo hilo lilipitisha sheria ya kumwadhibu mtu anayemwita mtoto mchawi. Kwao ni watoto, kwetu ni nyanya zetu. Mnyonge wa kila mahali hutafutwa mahali pake.

Baada ya flashi ile nilitafuta mwenyewe filamu nyingine nilizokuwa nimezisikia zikisifiwa. I Am Not a Witch ya Rungano Nyoni, ya mwaka 2017, inamhusu mtoto wa Zambia anayepelekwa katika kambi ya wachawi na kufungwa utepe mgongoni asitoroke. Ni ya kuchekesha kwa namna ya kuumiza, ingawa nadhani imetengenezwa zaidi kwa macho ya watu wa ng'ambo. Yaaba ya Idrissa Ouédraogo wa Burkina Faso, ya mwaka 1989, niliipenda zaidi. Kijiji kizima kimemkataa bibi mmoja aitwaye Sana, ila mtoto wa kiume ambaye anamwita "yaaba", yaani nyanya. Binamu yake mtoto huyo anapougua, ni bibi yule yule aliyekataliwa ndiye anayehangaika kumtafutia mganga. Waswahili walisema mchawi mpe mwanao kumlea, na sikuwahi kuona methali hiyo ikivikwa mwili vizuri hivyo, bila kelele wala muziki wa kutisha.

Lakini iliyoninyima usingizi ni The Letter, kazi ya Maia Lekow na Christopher King iliyotoka mwaka 2019 na kuteuliwa kuiwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha Oscar. Hii si ya kubuniwa. Kijana aitwaye Karisa anapata habari mjini kwamba nyanya yake huko Kilifi ameitwa mchawi katika Facebook, naye anarudi kijijini kuchunguza. Nyanya huyo, mama mwenye umri wa zaidi ya miaka 90, hana woga hata kidogo. Polepole inadhihirika kwamba tuhuma zimetoka ndani ya ukoo wenyewe, na kwamba chini ya maneno ya uchawi na mahubiri ya kutoa mapepo kuna kitu kinachopimika kwa hatua za miguu: shamba.

Nilipofika hapo nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji. Kwani ni nani katika Kisii na Nyamira asiyeijua hadithi hiyo? Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba katika Kaunti ya Kisii, na zaidi ya 600 Nyamira. Shamba ambalo babu aliligawia wana wanne, nao wakaligawia wana wao, leo ni ukanda wa migomba usiotosha kugeuza ng'ombe. Katikati ya ukanda huo amekaa mjane mwenye miaka 80 ambaye hataki kufa upesi. Sisemi kwamba kila tuhuma ni ya shamba. Wako wanaoamini kwa moyo wao wote, na msiba wa kufiwa na mtoto humtafutia mtu sababu. Lakini kila habari ya namna hii inaponifikia, kutoka Keroka au Nyamaiya au Ogembo, mimi huuliza kwanza shamba la marehemu limechukuliwa na nani.

Uzuri wa The Letter ni kwamba kamera yake inaona kile tu kinachoweza kuonekana na jicho. Inamwona bibi, barua, wana wanaozozana, ibada, na ardhi. Hakuna bundi. Mtazamaji anaachwa na watu wa kawaida wanaotazamana katika uwanja mmoja, na hilo, kwangu, linatisha kuliko Shumileta.

Kuna jambo linaloniudhi, hata hivyo. Filamu hii imesafiri Ulaya na Marekani, imesifiwa na wajuzi, lakini katika kibanda cha Daraja Mbili hakuna aliyeisikia nilipouliza. Vichekesho vya runinga zetu vinavyomfanya Mkisii kuwa mtu wa hasira, ndizi na kurogana vinatufikia kila juma bila kuitwa. Ile inayotuhusu kwa kweli ikabaki mjini Nairobi. Kaunti zetu mbili zina maafisa wa utamaduni na bajeti zao. Zina magari ya matangazo ambayo wakati wa kampeni hufika hata kule kusikofika gari la wagonjwa. Kuomba ruhusa kwa wenye filamu, kutandika shuka nyeupe ukutani mwa ukumbi wa kanisa au shule, na kukodi jenereta, si kazi ya kumshinda mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Ningependa ianzie Marani. Machifu waalikwe, na vijana wa bodaboda, ambao ndio hupata habari kwanza na kufika kwanza, wapewe viti vya mbele.

Itabidi pia itiwe sauti ya Ekegusii ili wazee wenyewe waifuate bila kufasiriwa na wajukuu. Wasimulizi hatuna upungufu nao. Ombi langu ni moja tu kwa yeyote atakayeishika kazi hiyo: sauti ya nyanya yule itolewe na mama mzee wa huku huku, anayejua jinsi mtu wa umri wake anavyozungumza, wala si kijana aliyebana pua.