Net iko sawa, shida ni proksi

Jirani yangu hapa Machakos, dada aliye kwenye atachimenti, karibu alie Ijumaa usiku. Maombi ya kazi yalikuwa yanafungwa saa sita, na laptopu ya ofisi imekataa kufungua hata Google. Alikuwa ameshanunua bando mara mbili. Fundi naye alitaka soo tano apige Windows upya.

Nikamuuliza, simu yako inafungua? Inafungua. Basi bando iko sawa, bana. Nikaingia setingi za mtandao, sehemu ya proksi. Anwani ya seva ya ofisi ilikuwa bado imewashwa. Ukiwa nyumbani, kivinjari kinaitafuta seva hiyo na hakiipati. Nikaizima, kurasa zikafunguka. Jumatatu aiwashe tena kazini.

Na ukiwa ofisini uone kosa 407, proksi inadai jina na nywila. Muone mtu wa IT, usikimbilie bando.

Mimi niliacha chuo. Haya nilijifunza kwa kuharibu mashine yangu. Lakini nyinyi wenye maofisi, mnampaje kijana laptopu bila hata karatasi moja ya maelezo? Kitu cha dakika mbili kisimkoseshe mtu kazi.