Watoto wa Bule nao wafundishwe sanaa



Kila mara tukisema shule za sekondari za Djugu zifundishe kuchora, kuchonga, kusuka na historia ya sanaa, hakosi mkubwa mmoja wa kutujibu: « Batu banakufa, ninyi munaongea desen? »

Jibu hilo tumelichoka. Kwamba watu wanakufa, tunajua kumupita yeye. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Februari 2022, kwenye kambi ya Plaine Savo, hapo hapo Bule, wakimbizi wa ndani karibu 60 waliuawa. Jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na bado tunazika. Sasa mtoto angoje amani ndipo afundishwe? Basi atafundishwa akiwa na mvi.

Mtoto wa Bule akimaliza kalasi ya nane, anachagua nini? Pedagogia, bio-kemia, biashara, ushonaji kama iko na bahati. Saa ya desen tunaijua wote: mwalimu anasema « choreni chungwa », halafu anasahihisha makaratasi yake ya hesabu. Hatumulaumu sana, yeye mwenyewe hakufundishwa.

Na hapa ndipo hasira yetu iko. Kule Mambasa, jimbo letu hili hili, Wambuti wanapiga magome ya mti mpaka yanakuwa kitambaa, wanaume kwa nyundo, kisha wanawake wanachora juu yake mistari ambayo Wazungu wanaitundika ukutani kama kazi za wachoraji wakubwa. Vitambaa hivyo viko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Kati ya 1909 na 1915, Herbert Lang na James Chapin walizunguka kaskazini-mashariki mwa Kongo wakakusanya maelfu ya vitu, pamoja na kazi za Wamangbetu, kwa ajili ya makumbusho ya New York. Mwanafunzi wa New York anaingia, anaangalia, anaandika kazi ya shule. Mwanafunzi wa Bule anapata diploma ya serikali bila kusikia hata jina la kitambaa hicho. Halafu tunaambiwa sanaa ni mambo ya Wazungu!

Mwenye kutaka kusoma humanite za sanaa, tunamutuma wapi? Kinshasa kuna Beaux-Arts, iliyoanzishwa 1943 kule Gombe-Matadi. Lubumbashi nako kuna yake. Kutoka Bunia kwenda Kinshasa ni ndege, na baba mwenye kulala chini ya hema hana bei ya tiketi.

Wengine wanasema sanaa haileti chakula. Tembeeni Bunia muangalie: mwenye kuchomelea milango anachora kwanza chini kwa chaki, fundi wa mbao vilevile, fundi wa nguo vilevile, na mwenye kuandika vibao vya maduka anakula kwa burashi yake. Wote walijifunza kwa kuibia macho. Kijana mwenye kujua kupima na kuchora anaweza kudai bei yake. Yule asiye na kazi mkononi, tunajua pia nani anamungoja porini na bunduki ya kumupa.

Tunamuomba, hapana, tunamudai Proved na gavana: mwaka wa shule unaokuja, seksio moja ya sanaa na ufundi ifunguliwe Bunia na nyingine Bule, itambuliwe mpaka kwenye egzetata. Mama mwenye kusuka vikapu na fundi wa mbao waitwe kufundisha, walipwe kama walimu, hata kama hawana karatasi. Na mzigo usirudi tena kwa wazazi: masomo ya bure ya 2019 yalisimamia shule ya msingi, minerivale ya sekondari bado inawakaba.

Barua tutaipeleka wenyewe kwa mkono, kwa miguu, bila fujo. Mwenye penseli aje nayo.